“Pound” si neno moja: mchi, zizi na ratili

Mwaka 2021 Manchester City ilimnunua Jack Grealish kwa pauni milioni 100. Hakuna msomaji wa kurasa za michezo aliyejiuliza maana ya pauni hapo: ni fedha, tena nyingi. Lakini geuza ukurasa uingie kwenye ndondi, utakuta bondia kapimwa akawa na “pauni 147”, na hapo hatuzungumzii tena fedha. Mtandaoni mama Mmarekani anatangaza kwamba kajifungua mtoto wa “pauni saba”. Piga simu kwenye benki ya huko, sauti ya mashine inakuamuru ubonyeze “pound”. Fungua video ya mapishi ya Nigeria, unaambiwa kuna kiazi kikuu ambacho ni “pounded”, na kiazi hicho hakikuwekwa kwenye mizani wala hakikulipiwa kwa fedha ya Uingereza. Kimetwangwa tu.

Wengi huchukulia kwamba hili ni neno moja lililojaa maana. Sivyo. Ni maneno matatu tofauti yaliyofika kwenye Kiingereza kwa njia tatu, kisha matamshi na tahajia vikabadilika mpaka yakafanana. Ni kama akina Juma watatu waliopanga nyumba moja: ukiita “Juma!” wote wanageuka, lakini hawana baba mmoja.

Tuwatenganishe. Wa kwanza ni kitenzi: kutwanga, kuponda, kugonga kwa nguvu. Wa pili ni mahali: zizi la kufungia mifugo iliyopotea. Wa tatu ni kipimo cha uzito, kile ambacho Kiswahili kinakiita ratili, na humo ndimo ilimozaliwa fedha tunayoiita pauni. Bondia, mtoto mchanga na kitufe cha simu wote ni wa ukoo huu wa tatu. Katika makala haya nitasema “ratili” kila ninapomaanisha uzito na “pauni” kila ninapomaanisha fedha. Kiswahili kilikuwa na utaratibu huo tangu zamani, na kuuacha ndiko kulikoleta nusu ya mkanganyiko tulio nao.

Mwenye mchi, na uvumi kuhusu “ponda”

Huyu wa kwanza tumalizane naye mapema, kwa sababu amezushiwa jambo. Utasikia watu wakisema kwa uhakika kabisa kwamba kitenzi chetu “ponda” kimetoka kwa Mwingereza. Ushahidi wao ni kwamba sauti zinafanana na maana ni ile ile. Hata matumizi ya kumponda mtu kwa maneno yapo pande zote mbili.

Ushahidi huo unavunjika ukirudi nyuma kidogo. Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kitenzi hiki kilikuwa “punian”. Hakikuwa na “d” yoyote. Hiyo “d” iliongezwa mdomoni karne nyingi baadaye, kama ilivyoongezwa kwenye neno lao la sauti, “sound”, ambalo Kilatini kilisema “sonus” tu. Upande wetu, “ponda” ina mzizi wa Kibantu, na “nd” yake ni ya asili, haikubandikwa. Ukiyaweka yale ya zamani bega kwa bega, “punian” na “ponda”, ule undugu unafifia. Kufanana kwa leo ni bahati tu, na lugha zenye maelfu ya maneno hukutana hivyo mara kwa mara. Kinu na mchi havikumsubiri Mwingereza avipe jina.

Zizi

Wa pili hana mambo mengi. Vijiji vya Uingereza vilikuwa na boma la pamoja ambamo ng’ombe, kondoo au farasi aliyekutwa akila mazao ya watu alifungiwa mpaka mwenyewe aje alipe. Boma hilo ndilo “pound”. Leo mifugo imepungua lakini jina limebaki kwa mbwa wasio na wenyewe na kwa magari yaliyokokotwa. Kitenzi “impound” kimetoka humo, kwa hiyo gazeti la Kiingereza likiandika kwamba polisi wame-“impound” bodaboda kadhaa, maana yake zimekamatwa na kuzuiliwa. Hakuna aliyezipima.

Ajabu ndogo: neno lao la bwawa, “pond”, ni sura nyingine ya neno hilihili la zizi. Bwawa ni maji yaliyofungiwa.

Ratili na jamaa zake

Sasa tumfikie huyu wa tatu, mwenye ukoo mkubwa. Warumi walikuwa na kipimo walichokiita “libra”. Neno hilo lilimaanisha mizani yenyewe na pia uzito fulani uliopimwa kwa mizani hiyo, takriban gramu 327. Wafuatiliaji wa nyota za unajimu wanalijua bila kujua kuwa wanalijua: nyota ya Libra ndiyo ile ambayo watabiri wetu wanaiita Mizani. Warumi walipotaka kutaja uzito kamili walisema “libra pondo”, yaani libra kwa uzito. Makabila ya Kijerumani yaliyofanya biashara na Warumi yakachukua nusu ya pili ya maneno hayo, “pondo”, yakafanya jina la kipimo. Ndiyo maana Wajerumani wanasema “Pfund”, Waholanzi “pond” na Waingereza “pound”.

Nusu ya kwanza nayo haikupotea. Ilibaki kwenye maandishi. Hapo ndipo linapojibiwa swali lililowasumbua wanafunzi vizazi na vizazi: kwa nini “pound” hufupishwa “lb” wakati haina “l” wala “b”? Ni kwa sababu ufupisho ni wa “libra” huku matamshi ni ya “pondo”. Mdomo ulirithi neno moja, kalamu ikarithi jingine.

Wagiriki nao walikuwa na “litra”, ndugu wa “libra”. Litra ilisafiri njia mbili. Njia ya mashariki ilipita kwa Waaramu mpaka kwa Waarabu, ikageuka “ratl”, na majahazi yakaileta pwani yetu ikawa ratili. Njia ya magharibi ilipita Ufaransa, ambako mwishoni mwa karne ya 18 wanamapinduzi waliokuwa wakibuni vipimo vipya walitohoa humo jina la kipimo cha ujazo, na hiyo ndiyo lita tunayonunulia mafuta ya taa. Kwa hiyo ratili na lita ni watoto wa mama mmoja waliokutana tena Afrika Mashariki bila kutambuana. Lira ya Uturuki imo pia, kupitia “libra” ya Kirumi.

Hesabu hii haiishii hapo. Warumi waligawa libra katika mafungu 12, na kila fungu waliliita “uncia”. Waarabu walilipata neno hilo kupitia kwa Wagiriki, likafika kwetu likiwa wakia. Waingereza wakalipata likawa “ounce”, ambalo sasa tunaliandika aunsi tunaporipoti bei ya dhahabu. Wakia na aunsi ni neno lile lile! Na kwa kuwa “uncia” ilimaanisha fungu moja la 12 la kitu chochote, fungu moja la 12 la futi likaitwa kwa jina hilohilo: inchi.

Bei za Unguja ya zamani zilisimama juu ya vipimo hivi. Karafuu na pembe za ndovu ziliuzwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa ratili kama 35, sawa na kilo 16 hivi. Mwenye babu aliyefanya kazi bandarini atakuwa ameyasikia haya.

Ratili si nusu kilo

Karibu kila mtu hubadilisha ratili kwa kugawanya kwa mbili. Mchinjaji wa Ujerumani atakubaliana nawe, maana “Pfund” ya kule sokoni ni gramu 500 kamili. Ratili ya Kiingereza ni ndogo kuliko hapo. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba ratili moja ni kilo 0.45359237, bila kuongeza wala kupunguza. Tofauti na nusu kilo ni gramu 46. Kwenye nyama ya chakula cha mchana hutaiona, lakini kwenye ratili 100 imeshafika zaidi ya kilo nne na nusu.

Hesabu ya kichwani isiyokupoteza ni hii: gawanya kwa mbili, kisha punguza sehemu moja ya kumi ya jibu. Yule mtoto wa ratili 7 anakuwa 3.5, toa 0.35, unapata kilo 3.15. Kipimo kamili ni 3.18. Bondia wa ratili 147, ambao ndio mwisho wa uzito wa welter, anakuwa kilo 66 na ushee.

Kuchanganya vipimo hivi kumewahi kuishusha ndege. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliondoka Montreal kwenda Edmonton. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Kanada ilikuwa inahamia vipimo vya kilo, na ndege hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza za shirika hilo kutumia kilo. Waliopiga hesabu ya kujaza mafuta walitumia namba ya kubadilishia ya ratili, kwa hiyo matangini yalikuwamo mafuta ya ratili 22,300, yaani chini ya nusu ya yaliyotakiwa. Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani, ambaye kwa bahati njema alikuwa mzoefu wa ndege zisizo na injini, aliielea mpaka uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, na watu wote wakatoka hai.

Kuna na kitendawili ambacho walimu wa hesabu hukipenda: kipi kizito, ratili ya manyoya au ratili ya dhahabu? Mjanja hujibu kwamba ni sawa, na mjanja hukosea. Dhahabu ilikuwa na ratili yake, iitwayo “troy”, yenye wakia 12 tu na uzito wa gramu 373, ilhali ratili ya kawaida ina wakia 16 na gramu 454. Manyoya yanashinda. Lakini ukiuliza kuhusu wakia mojamoja, jibu linapinduka: wakia ya dhahabu ina gramu 31.1 na ya kawaida ina gramu 28.35. Ratili ya “troy” imeshaachwa kwenye biashara, wakia yake haijaachwa. Bei ya dhahabu unayoisikia kwenye taarifa ya habari, hata ile inayochimbwa Geita, ni ya wakia hiyo nzito. Anayeigawanya bei hiyo kwa 28 ili apate bei ya gramu anajidanganya kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Fedha iliyokuwa uzito

Mwishoni mwa karne ya 8, Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, aliweka utaratibu wa fedha ambao Waingereza waliufuata kwa zaidi ya miaka elfu moja: ratili moja ya madini ya fedha ikatwe sarafu 240. Sarafu 12 ziliitwa kwa Kilatini “solidus”, na “solidus” 20 zikafanya “libra”. Kwa Kiingereza sarafu hiyo ndogo ni peni, peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni. Peni ilifupishwa kwa herufi “d”, kwa ajili ya “denarius” ya Warumi, sarafu iliyowapa Waarabu dinari. Alama ya pauni, £, si P iliyopinda. Ni L ya “libra” iliyokatwa mstari.

Zile peni za baada ya Wanormani ziliitwa “sterling”, na pauni ya sterling ikawa ni uzito wa ratili moja wa peni hizo. (Huyu hana udugu na steringi wa filamu, yule asiyekufa mpaka picha iishe, steringi ametoka kwenye “starring”.) Wapo wanaoamini kwamba mpaka leo pauni moja inalindwa na ratili moja ya madini ya fedha yaliyofichwa Benki Kuu ya Uingereza. Haijawa hivyo kwa karne nyingi. Wafalme walipunguza madini kwenye sarafu kidogo kidogo, baadaye fedha ikafungwa kwenye dhahabu, na mwaka 1931 Uingereza ikaiacha dhahabu pia. Uende leo kwa sonara na pauni moja, utarudi na chembe tu ya madini ya fedha.

Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni kwamba kwa miaka kama 700 ya mwanzo pauni haikuwapo mfukoni mwa mtu yeyote. Ilikuwa namba ya kwenye daftari. Ulihesabu deni kwa pauni ukalipa kwa peni. Sarafu ya kwanza ya thamani ya pauni moja, ya dhahabu, ilitolewa mwaka 1489 chini ya Henry VII.

Afrika Mashariki tuliwahi kuishi na pauni ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye makao London, na mwaka 1921 ikaleta shilingi, 20 kwa pauni moja. Noti zake za shilingi 20 za enzi za wafalme George zilichapwa pia kuwa ni pauni moja, na ndiyo sababu wazee wengi wakisema “pauni” humaanisha shilingi 20. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ikatoa shilingi yake, bado 20 kwa pauni. Kamba ilikatika Novemba 1967, Uingereza iliposhusha thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40 na nchi zetu tatu zikakataa kuifuata. Ghafla pauni ikawa shilingi 17 na senti kidogo. Uingereza yenyewe iliziacha shilingi tarehe 15 Februari 1971, ikagawa pauni katika peni 100. Jina shilingi limebaki kwetu wakati mwenyewe kalitupa. Vitabu vya serikali ya Kenya viliendelea kwa miongo kadhaa kuandika mahesabu kwa “pauni ya Kenya”, ambayo haikuwahi kuwa noti wala sarafu. Ilikuwa shilingi 20 tu kwa jina la kikubwa.

Habari ikitaja “pauni” bila kusema ya wapi, uliza. Misri, Sudan na Sudan Kusini zina pauni zao, na thamani yake ni mbali kabisa na ya Uingereza. Tena Mmisri mwenyewe hasemi pauni, anasema “gineh”, neno lililotokana na “guinea”, sarafu ya dhahabu ya Uingereza iliyopewa jina la pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, ilikochimbwa dhahabu yake. Lebanon na Syria wanasema lira, lakini Kiingereza kinazilazimisha ziwe “pound”. Mtafsiri wa habari mwenye haraka huangukia hapo.

Ratili zilizojificha

Baki ya mambo ni ya mitaani. Fundi wa pancha anapokuuliza akuwekee upepo wa 30 au 32, anahesabu ratili. Herufi PSI kwenye kipimo chake zinamaanisha nguvu ya ratili ngapi inakandamiza kila inchi moja ya mraba ndani ya tairi. Nchi zetu zinapima kwa kilo na mita kisheria, lakini tairi halijapata habari.

Ile sifa ya ndondi, “pound for pound”, ambayo watangazaji wengine huigeuza “pauni kwa pauni” kama vile ni suala la malipo, inahusu uzito. Bondia wa ratili 112 hawezi kukutanishwa na wa ratili 220, kwa hiyo wapenzi wa mchezo hujiuliza: wote wangekuwa na uzito sawa, nani angekuwa bora? Orodha inayotokana na swali hilo ni ya mabishano matupu, haina mkanda, na ndiyo raha yake. “Bora bila kujali uzito” ingetosha kabisa.

Na kile kitufe. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wenye maduka walipoandika “lb” waliikata juu kwa kistari kuonyesha kuwa ni ufupisho, na mikono yenye haraka ikaichakaza mpaka ikawa mistari miwili iliyosimama na miwili iliyolala: #. Marekani ikabaki kuiita “pound”, na simu za vitufe zilipoipokea mwaka 1968 jina likaenda nayo. Waingereza wanaiita “hash”, maana kwao “pound” ingekuwa £. Watanzania, ambao kila siku wanaanza na nyota (*) na kumalizia na alama hii ya # wanapotuma pesa kwa simu, waliitazama wakaona kitu kingine kabisa, wakaiita reli. Basi mashine ya benki ya Marekani ikikuambia “press pound”, bonyeza reli. Usihangaike kutafuta £, kwenye vitufe vya simu hiyo haimo.